Mpiga Picha Alisimama Wapi?

Ukifika Kibirizi asubuhi utakuta boti za injini zinapakia abiria na mizigo kwenda vijiji vya kaskazini, mpaka karibu na mpaka wa Burundi. Kando yake akina mama wanaanika dagaa. Wageni waendao Gombe nao hupitia hapa hapa, na wengi wana kamera shingoni.

Siku moja mgeni mmoja alimpiga picha mama aliyekuwa ameinama juu ya dagaa wake. Mama akakasirika, akajifunika khanga usoni. Yule mgeni hakuelewa. Alicheka, akapiga tena. Basi watu wakaingilia. Mama alisema hivi: huyu anaondoka na sura yangu, tena nimeinama, mgongo juu, na mimi nimebaki na nini? Tukanyamaza. Hatukuwa na jibu. Ndipo tulipoona tutafute habari za wapiga picha na kazi yao, tuwaandikie.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Kamera ni chumba kidogo chenye giza. Unaweza kujionea nyumbani bila kununua kitu. Ingia chumbani mchana jua likiwa kali, funga mlango na madirisha, ziba nyufa zote kwa matambara. Acha tundu moja tu, dogo kama la msumari, upande unaotazama nje penye mwanga. Ngoja macho yazoee giza. Halafu shika shuka nyeupe mbele ya tundu, hatua moja hivi. Utaona mti ulioko nje, na mtu akipita utamwona naye, lakini kichwa chini, miguu juu! Si uchawi. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Ule utokao kichwani mwa mtu huingia tunduni ukishuka, ukaangukia chini ya shuka. Ule utokao miguuni huingia ukipanda, ukafika juu. Sisi tulijaribu, na watoto walikataa kutoka chumbani.

Kamera ni hivyo hivyo. Penye tundu pamewekwa lenzi, yaani kioo kilichosuguliwa ili kikusanye mwanga. Mahali pa shuka, zamani palikuwa na filamu yenye dawa inayobadilika ikipata mwanga. Siku hizi, hata ndani ya simu, pana kidude kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mpiga picha huchagua upana wa tundu na muda wa kuliacha wazi. Mchana muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Usiku, ukitaka picha ya wavuvi wa dagaa na taa zao ziwani, kamera lazima ikodoe jicho sekunde nyingi, tena iwekwe juu ya kitu kisichotikisika. Mtumbwi ukiyumba, taa inachora mstari. Wengine husema hapo picha imeharibika. Sisi tunaipenda, maana imeonyesha mawimbi.

Kuna lalamiko tunalolisikia kila mara: eti picha imenitoa mweusi tii, hata macho hayaonekani. Kosa si la uso wako. Umesimamishwa saa sita mchana, nyuma yako ziwa linameremeta. Kamera haijui kuwa wewe ndiye wa maana. Inapima mwanga wote, inaona maji yanawaka, basi inapunguza. Maji yanatoka vizuri, wewe unatoka kama kivuli. Dawa yake ni rahisi. Simama chini ya baraza ukitazama nje. Au ngoja jioni, jua likielekea milima ya Kongo, wewe ulitazame ziwa na mpiga picha ndiye alipe mgongo.

Lakini lipo kosa jingine lililotoka mbali. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikiwapelekea wasafishaji wa picha za rangi kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Iliitwa kadi ya Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, basi mashine imepimwa sawa. Ngozi nyeusi haikuwemo katika kipimo hicho kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 na 1980 filamu zilianza kurekebishwa, na waliosaidia kuisukuma kampuni ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao za kahawia hazipambanuki pichani. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu! Kadi zenye sura za watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Basi mwanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mahali anaposimama mpiga picha. Mwezi Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani mwisho wa pwani yetu. Meli ya Liemba ilikuwa inawaleta Kigoma, wakapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika. Wapiga picha nao wakaja. Aliyeelekeza kamera chini kutoka juu ya meli alipata umati: vichwa, mabegi, magodoro, huwezi kuhesabu. Picha kama hiyo iliwaeleza watu wa mbali ukubwa wa shida. Aliyeshuka akachuchumaa mchangani alipata mama mmoja na mtoto wake, na macho yao. Zote mbili ni picha za kweli. Ila katika ile ya kwanza hakuna mtu anayekutazama wewe.

Hapa jirani, Gombe, alikuja Hugo van Lawick mwaka 1962. Alikuwa Mholanzi, kazaliwa Indonesia mwaka 1937. Alikuja kupiga picha za kazi ya Jane Goodall, aliyeanza kuchunguza sokwe huko mwaka 1960. Hebu fikiria tabu yake: msitu una giza, sokwe ni weusi, na wakiona mtu mgeni wanakimbia. Sokwe walivutwa kambini kwa ndizi (baadaye ndizi hizo zikawaletea ugomvi, lakini hiyo ni hadithi nyingine). Zaidi ya hapo ni kukaa na kungoja. Picha zake ziliwafanya watu ambao hawajawahi kusikia jina la Kigoma waamini kwamba sokwe anaweza kuchukua kijiti, akakichomeka kwenye kichuguu, akavua mchwa.

Picha yake moja imezunguka dunia nzima. Jane amechuchumaa, ananyoosha mkono. Mtoto wa sokwe, Flint, aliyezaliwa mwaka 1964, naye ananyoosha wake. Wapigwa na mpiga wote sasa ni marehemu: van Lawick alifariki Dar es Salaam mwaka 2002, na Jane mwezi Oktoba 2025.

Sisi tunaipenda picha ile. Tena tunaikasirikia kidogo. Ukiitazama utadhani Gombe palikuwa na mwanamke mmoja na sokwe basi. Watu wetu walioendesha boti na kupika, na wale waliokuja baadaye wakawafuata sokwe tangu alfajiri na kuandika mwenendo wao miaka na miaka, kama Hilali Matama, hawamo. Picha haikusema uongo. Imekatwa pembeni tu, na mtazamaji husahau kuuliza pembeni palikuwa na nani.

Aliyeuliza swali hilo kwa kazi yake ni Sammy Baloji. Huyu alizaliwa mwaka 1978 ng'ambo ya ziwa, mbali kusini, katika mji wa Lubumbashi, Kongo, ambako Kiswahili kinasemwa kila mtaa. Mji ule ulijengwa kwa shaba. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa wakati wa ukoloni, mwaka 1906. Baada ya uhuru mali zake Kongo zikachukuliwa na serikali, ikawa Gécamines. Sehemu nyingi za viwanda vya zamani zimekuwa magofu. Baloji alipiga picha za magofu hayo. Kisha akatafuta picha za ukoloni, nyeusi na nyeupe, zenye wafanyakazi waliosimamishwa mbele ya kamera. Akawakata kwa kompyuta, akawasimamisha mbele ya magofu ya leo. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita Mémoire, yaani kumbukumbu. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakaanzisha maonyesho mjini kwao, wakayapa jina la lugha yetu: Picha.

Tulipoziona mara ya kwanza, kwenye kioo cha simu, mmoja wetu alisema hizi si picha, ni udanganyifu, maana watu hawa hawakuwapo siku ile. Mwenzake akajibu kuwa walikuwapo kabla ya mpiga picha, maana ni wao waliochimba na kuyeyusha shaba. Je, aliyewaondoa ni nani? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Wengine tulibaki tunatazama nyuso. Tulitafuta jina hata moja, hatukuliona.

Basi tukarudi kwa yule mama wa dagaa. Tulikwenda na kijana mwenye simu nzuri, tukamwuliza yeye anataka apigwe vipi. Alituambia tumngoje. Akanawa, akabadili khanga, akaagiza matenga mawili yaletwe. Alisimama wima, jua la jioni usoni, kijana akasimama karibu na maji. Picha ilisafishwa Kigoma mjini, nayo imetundikwa sebuleni kwake juu ya redio. Alitaka jina lake liandikwe nyuma, tukaliandika. Hapa gazetini hakutaka. Lalamiko lake ni moja tu: dagaa hawaonekani vizuri, na yeye aliwataka waonekane.