Kitambi na Kisukari: Mafuta Yamekaa Wapi Mwilini?

Katika semina ya vikundi vya kuweka na kukopa huko Muze, mama mmoja aliuliza: "Mratibu, wifi yangu ni mnene wa nyonga na mapaja, lakini sukari yake iko sawa. Mume wangu ana miguu myembamba na kitambi tu, naye ndiye mwenye kisukari. Imekuwaje?"

Swali hili ni zuri, kwani wengi wetu tunadhani kisukari kinatokana na uzito tu. Tena huku kwetu mtu akiota kitambi tunampongeza kwamba maisha yamemkubali. Akipungua, tunanong'ona kwamba ana UKIMWI.

Maghala mawili

Mwili huhifadhi mafuta sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni chini ya ngozi, hasa mapajani na makalioni. Hili ni ghala zuri, mafuta yake hutulia. Ya pili ni ndani ya tumbo, kuzunguka utumbo na hata ndani ya ini. Ghala la kwanza likiwa dogo au likijaa, ziada huenda huko. Ndiyo maana mtu mwenye mikono na miguu myembamba anaweza kuwa na mafuta mengi mahali pabaya.

Mwaka 1947 daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika kwamba unene wa sehemu ya juu ya mwili huambatana na kisukari kuliko unene wa nyonga na mapaja. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha vivyo hivyo.

Madhara yanavyotokea

Tukila ugali, sukari huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo: huifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli, na huliamuru ini lisitoe sukari yake. Mafuta ya ndani ya tumbo huyeyuka kwa urahisi na kumwaga asidi za mafuta kwenye damu inayokwenda kwenye ini. Ini na misuli vikielemewa na mafuta, ufunguo haufungui sawasawa. Hapo mwili umekuwa sugu kwa insulini.

Kongosho hujitahidi kutoa insulini zaidi, pengine kwa miaka mingi, na mtu hajisikii mgonjwa. Likizidiwa, sukari hupanda. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili.

Si ugonjwa wa matajiri

Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu vijiji vya Tanzania ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya mmoja kati ya 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu 9 kati ya 100. Vipimo havikufanana kabisa, lakini mwelekeo unaonekana. Wazee wanakumbuka kupanda mlima kwa miguu hadi Sumbawanga. Leo tunapanda gari na bodaboda. Ugali wa ulezi umeipisha sembe, na soda iko kila duka.

Jipime kwa kamba

1. Chukua kamba isiyovutika, pima urefu wako toka kisigino hadi utosi, kisha ikate.
2. Ikunje mara mbili.
3. Simama, toa pumzi kawaida, izungushe tumboni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga.

Ncha zikikutana bila kubana tumbo, vizuri. Zisipokutana, nenda kituo cha afya ukapime sukari. Kamba haipimi kisukari, inaonya tu. Wala haifai kwa mjamzito. Na hata kama ncha zimekutana, ukiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara au kidonda kisichopona, usisubiri.

Mimi nilijipima mbele ya semina. Ncha zilipungukiwa vidole vinne! Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini wiki hiyohiyo nilikwenda kupima sukari.

Inawezekana kuzuia

Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliosaidiwa kubadili chakula na kufanya mazoezi walipunguza hatari kwa asilimia 58. Lengo lao lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito, yaani kilo 5 au 6 kwa mtu wa kilo 80, na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Sisi tunaweza kuongeza dona, maharage na mboga, na kupunguza soda, pombe na ukubwa wa tonge.

Aliyekwisha anza dawa asiache. Mazoezi huisaidia dawa, hayachukui nafasi yake.

Basi mama, wifi yako naye apime mara kwa mara, na mumeo atembee. Sisi wengine tutafute kamba leo.