Mfuko wa chakula na mfuko wa umma

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita niliishia pale mgonjwa anapoambiwa kwamba mlo na dawa havitoshi tena, na kwamba imebaki njia ya kisu. Tangu makala ile itoke nimepokea ujumbe mwingi, na karibu wote unauliza jambo lile lile: kwa nini fedha za walipa kodi, au za wachangiaji wa bima, zimtibu mtu aliyenenepa kwa mkono wake mwenyewe? Swali ni halali. Analiuliza mtu ambaye mwanawe amekosa dawa zahanati, na sina haki ya kumbeza. Nitalijibu leo, lakini kwanza niwaingize chumba cha upasuaji, maana wengi wanaolibishania jambo hili hawajui hasa linalofanyika humo.

Nimesimama mara kadhaa pembeni ya meza hiyo, kama mwalimu wa fiziolojia aliyeomba kuona kwa macho yale aliyokuwa akiyafundisha ubaoni. Tumbo halipasuliwi kama zamani. Daktari anatoboa matundu machache, kila moja kama upana wa kidole, na tumbo linajazwa gesi ili viungo viachane. Kamera inaingizwa kwenye tundu mojawapo. Mpira mrefu unapitishwa mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula, uwe kipimo cha sehemu itakayobaki. Kisha kinaingia kifaa kinachokata na kushona kwa wakati mmoja, kikipanda polepole sambamba na ule mpira. Mwisho wa kazi, karibu robo tatu ya mfuko wa chakula imetengwa, na kilichobaki kina umbo la ndizi. Kile kipande kilichokatwa kinavutwa nje kupitia tundu moja. Nilikiona kwenye sahani ya chuma: kimenywea, chekundu kilichofifia, kama kiriba kisicho na maji.

Watu hudhani siri ni udogo wa mfuko uliobaki. Udogo unasaidia, lakini jambo kubwa liko kwenye kile kipande cha kwenye sahani. Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999. Ukiiondoa sehemu ile, sauti ya njaa ndani ya kichwa inapungua. Katika aina nyingine ya upasuaji, ambapo daktari anaacha kifuko kidogo kama yai na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, mabadiliko ya homoni ni makubwa zaidi. Sukari ya mgonjwa wa kisukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hajapungua kilo za kuonekana. Mwaka 1995 daktari Walter Pories wa North Carolina, Marekani, alitoa hesabu ya wagonjwa wake 146 wa kisukari cha ukubwani waliofanyiwa upasuaji huo: 121 kati yao sukari ilirudi katika kiwango cha kawaida na kubaki hapo. Hakuna kidonge cha enzi ile kilichoweza hivyo.

Sasa nirudi kwenye swali la mkono wake mwenyewe.

Mwili una kumbukumbu ya uzito wake, na unaulinda. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall wa Marekani aliwapima watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita ilikuwa imepita. Wengi walikuwa wamenenepa tena, lakini lililoshtua ni jingine: miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa bado inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hebu fikiria maana yake. Kalori 500 ni kama sahani ya wali. Mtu huyo, ili abaki na uzito ule ule alionao jirani yake, inabidi ajinyime sahani hiyo kila siku ya Mungu, mwaka baada ya mwaka, huku njaa yake ikiwa kali kuliko ya jirani. Tunamwita mlafi. Mimi naona ni mtu anayepandisha maji mlimani.

Sisemi kula hakuna uzito katika jambo hili. Soda, chipsi za mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, kazi ya kukaa kutwa, barabara zisizo na njia ya mtembea kwa miguu: yote haya yametunenepesha sote pamoja, ndani ya kizazi kimoja. Lakini kuzuia moto na kumtibu aliyekwisha kuungua ni kazi mbili, na nchi yenye akili inafanya zote.

Nchi ambayo imelibishania jambo hili kwa muda mrefu na kwa uwazi ni Uingereza, kwa sababu tangu 1948 matibabu ya huko yanalipiwa na kodi. Wana taasisi iitwayo NICE ambayo kazi yake ni kupima tiba: inamwongezea mgonjwa miaka mingapi ya uhai wenye afya, na kwa gharama gani. Mwaka 2002 taasisi hiyo iliukubali upasuaji wa unene. Masharti yake ni rahisi kuyaeleza. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, upate kile wanachokiita BMI. Ikifika 40 unaweza kufikiriwa; ikiwa kati ya 35 na 40, uwe pia na ugonjwa kama kisukari au shinikizo la damu. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 anafika 40 akiwa na kilo kama 103. Mwaka 2014 wakaongeza kwamba mwenye BMI ya 35 na kuendelea, ambaye kisukari chake kimegunduliwa ndani ya miaka kumi, apelekwe haraka kwenye uchunguzi wa upasuaji.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Mahali pa kulipia ndipo yalipokwama. Hadi 2013 fedha zilikuwa mikononi mwa bodi za maeneo, na kila bodi ilijiwekea mstari wake. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisikiliza shauri la mzee mmoja wa Staffordshire, askari polisi wa zamani mwenye kisukari kikali. BMI yake ilikuwa imezidi 40, lakini bodi ya eneo lake ilikuwa imeweka mstari kwenye 50. Angekaa wilaya nyingine huenda angetibiwa. Alishindwa mahakamani: majaji walisema bodi ina haki ya kugawa fedha zake chache kwa kigezo cha tiba peke yake. Wiki chache baadaye alipeleka maombi mapya, na bodi ile ile ikamkubalia.

Shauri lile linaniuma kwa sababu ya mstari wenyewe. Mstari wa taifa ulikuwa 40, si 50. Naamini namba ile ilichaguliwa kwa kuwa ingepunguza foleni. Mgonjwa wa BMI ya 43 alikuwa akiambiwa, bila mtu kulitamka neno lenyewe, kwamba anenepe kwanza ndipo asaidiwe. Mwaka 2014 watafiti walikokotoa kwamba nchini England zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wanatimiza vigezo vya taifa, huku wanaopasuliwa kwa fedha ya umma wakihesabika kwa maelfu machache kila mwaka. Wenye uwezo hulipa wenyewe paundi elfu 8 hadi 15. Wengine hupanda ndege kwenda Uturuki ambako ni nafuu, na baadhi wamerudi na mishono inayovuja, ikatibiwa na hospitali zile zile za umma zilizowakatalia mwanzoni.

Wakati huohuo kisukari na madhara yake kinaigharimu huduma ya afya ya nchi hiyo takriban paundi bilioni 10 kwa mwaka. Fedha hizo hutoka bila mjadala. Figo zikifa, mashine inalipiwa. Mguu ukioza, unakatwa na fedha ipo. Hakuna mhariri anayeuliza kama mwenye mguu alijitakia.

Hapa ndipo magazeti yanapoingia, na hapa nasema kama mtu wa humo humo ndani. Rasimu ya mwongozo wa NICE wa 2014 ilipotoka, vyombo vingi vya habari vya Uingereza viliruka moja kwa moja kwenye bili: maelfu wangapi, mamilioni mangapi. Miaka ya uhai ilikuja aya za chini, kama ilikuja. Marekani, mwaka 2011, watafiti akiwemo Rebecca Puhl walizichambua picha zinazoambatana na habari za unene mtandaoni. Katika picha za watu wanene, asilimia 72 ziliwaonyesha kwa namna ya kuwadhalilisha: tumbo tupu limeachwa wazi, mtu anakula ovyo, kichwa kimekatwa na picha. Mtu asiye na kichwa hana uso, na asiye na uso ni vigumu kumhurumia, sembuse kumlipia.

Nami limenipata. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ya kisukari kwa gazeti moja, silitaji. Asubuhi nikafungua ukurasa nikakuta juu ya jina langu picha ya mama mmoja sokoni, amepigwa kutoka nyuma bila habari yake, kuanzia kiunoni kushuka. Nilimpigia simu mhariri. Akaniambia picha ile inauza. Sikuandika tena pale, ila hilo halikumsaidia mama wa watu.

Kwetu hali ina uchungu wake wa pekee, kwa kuwa lugha yenyewe imegeuka ndani ya umri wangu. Nilipokuwa mtoto, mtu akinenepa aliambiwa amenawiri, ana afya, hadi leo shangazi akikuona umejaa mashavu atasema, "Umekuwa na afya kweli." Kitambi kilikuwa cheo. Ukaja UKIMWI, na kukonda kukawa minong'ono. Bado mtu aliyefanyiwa upasuaji na kupungua kilo 40 anaulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, anaumwa nini. Sasa kwenye simu zetu mnene anaitwa bonge na anachekwa na watu asiowajua. Huyo mmoja anasifiwa, anashukiwa na kuchekwa, na katika yote matatu hakuna anayemwita mgonjwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Hao ni mama zetu na dada zetu.

Hospitali ya Mloganzila siku hizi inaweka puto tumboni na kufanya upasuaji. Huduma ipo nchini. Safari ya India si lazima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na orodha ya kitakacholipiwa ndipo penye mzozo wa haki. Msimamo wangu ni huu. Upasuaji huu usilipiwe kwa kila anayeutaka, maana fungu letu ni dogo na mjamzito hawezi kusubiri. Waanze wenye kisukari, ambao kongosho bado lina nguvu, kabla figo na macho hayajaguswa. Walipiwe na ufuatiliaji, kwa sababu aliyepasuliwa atahitaji vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu maisha yake yote, na asipofuatiliwa tutakuwa tumebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine. Hatari ipo pia, isifichwe: uchunguzi mkubwa wa Marekani wa 2009, wenye wagonjwa 4,776, ulikuta vifo 3 kwa kila elfu ndani ya siku 30. Lakini uchunguzi wa Sweden ulioanza 1987, uliowafuata watu zaidi ya 4,000 wenye unene, ulikuta uwezekano wa kufa kwa wale waliopasuliwa ulikuwa chini kwa takriban asilimia 29 kuliko wa wenzao. Mizani inalalia upande mmoja.

Mwezi uliopita alikuja barazani kwangu mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jirani wa zamani. Nilimwinukia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, baba. Nimekuletea makaratasi."

Akafungua faili la kaki lililokwisha lainika pembeni. Miaka kumi na mmoja ya kisukari, imepangwa kwa tarehe kama daftari la mahudhurio. Insulini, imelipwa. Kitanda siku tisa kwa kidonda, kimelipwa. Kidole cha mguu wa kushoto kukatwa, kimelipwa. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa maombi ya upasuaji ambao daktari wake mwenyewe ameupendekeza. Bima yake ilikuwa imegonga muhuri na mtu ameandika kwa kalamu neno moja: urembo.

"Mimi nina miaka sitini na miwili," aliniambia. "Urembo wa nini?"

Tulikaa hadi magharibi tukiandika barua ya pili. Aliniomba nisitumie maneno makubwa. Kila mahali nilipoandika unene, alinitaka niandike pia kiwango cha sukari cha mwezi huo, na namba zote alikuwa nazo kichwani. Barua imekwenda. Jibu halijafika.

Wiki ijayo nitaeleza sindano mpya za kupunguza uzito, na kwa nini Uingereza, iliyoanza Juni 2025 kutoa mojawapo kwa fedha ya umma kupitia madaktari wa kawaida, imepanga kuisambaza taratibu kwa muda unaoweza kufika miaka 12.

Itaendelea