Darubini ya bei ya kati kwa mkulima jirani wa hifadhi: 8x42 au 10x42?

Leo tuongelee kifaa ambacho wengi hamjakiweka kwenye bajeti pamoja na pampu na mbolea: darubini ya macho mawili. Wanaolima mpunga Pawaga na Mbarali, na wenye mahindi upande wa Idodi, wanaiulizia sana. Swali ni lile lile: ninunue ya namba gani, na hela isipotee?

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Mashamba mengi ya ukanda huu yanapakana na Hifadhi ya Taifa Ruaha au yako karibu nayo, na tangu bonde la Usangu liingizwe hifadhini mwaka 2008, wana-Mbarali wengi nao wamekuwa majirani. Tembo anayevamia shamba kwa kawaida huja giza linapoingia na kuondoka kabla hakujapambazuka. Kweleakwelea nao hutoka malaloni alfajiri na kurudi jioni. Kwa hiyo saa unazoihitaji darubini ni zile zile ambazo mwanga ni mdogo.

Ndiyo maana zinazotufaa ni zile zinazouzwa kwa jina la darubini za uwindaji. Zimetengenezwa kwa mtu anayetafuta mnyama alfajiri na jioni, kwenye vumbi na umande. Ila jina lisikupoteze: kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Sisi tunanunua jicho la kulindia shamba.

Namba mbili zina maana gani?

Ukiona 8x42, namba ya kwanza ni ukuzaji. Tembo aliye mita 800 utamwona kama yuko mita 100. Ukiwa na 10x, utamwona kama yuko mita 80. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hicho ndicho kinachokusanya mwanga.

Sasa gawa namba ya pili kwa ya kwanza. Unapata upana wa mwanga unaoingia kwenye jicho lako:

- 8x42: milimita 5.25
- 10x50: milimita 5
- 10x42: milimita 4.2
- 8x32: milimita 4
- 10x25 (zile za mfukoni): milimita 2.5

Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi kama milimita 5 mpaka 7. Ukishika ya 10x25 saa moja kasoro jioni, jicho lako linataka mwanga mwingi lakini kifaa kinakupa kidogo. Unajikuta unaona weusi tu, hujui ni kichaka au ni tembo. Na kwa tembo, kukosea hapo ni hatari ya maisha.

Kwa hesabu hiyo hiyo, taswira ya 8x42 inang'aa zaidi ya ile ya 10x42 kwa karibu mara moja na nusu, ingawa vioo vya mbele ni sawa. Hapo ndipo wengi wanaingia mkenge: wanadhani namba kubwa ya ukuzaji ndiyo darubini bora.

Tulinganishe 8x na 10x

Ukuzaji mkubwa unakuza pia mtetemo wa mkono. Ukitazama na 10x huku umesimama kwenye dungu linaloyumba, picha inacheza. Tena 10x kwa kawaida inaona eneo jembamba zaidi. Chukua mfano wa Vortex Diamondback HD: ya 8x42 inaonyesha upana wa kama mita 131 ukitazama umbali wa mita 1,000, ya 10x42 kama mita 110. Kwenye miombo na vichaka vya Idodi, ambako mnyama anatokea ghafla pembeni, upana huo ni muhimu.

Lakini 10x42 nayo ina mahali pake. Kwenye tambarare za Usangu, jua likishachomoza na ukiwa umeegemeza viwiko kwenye gari au kigingi, itakusaidia kujua lile wingu la ndege linatua matete yapi. Ushauri wangu: kama shida yako kubwa ni tembo jioni, chukua 8x42. Kama ni ndege na mifugo kwenye uwanda wazi mchana, 10x42 inafaa. Kama unanunua moja ya kazi zote, chukua 8x42.

Aina za bei ya kati

Ninaposema bei ya kati namaanisha zile ambazo kwenye soko la nje huwa kati ya dola 100 na 300 hivi, kabla ya usafirishaji na ushuru.

*Celestron Nature DX 8x42* na *Nikon Prostaff P3 8x42* ziko upande wa chini wa bei hizo. Zote hazipitishi maji na zimejazwa gesi ya naitrojeni ndani. Hili si pambo. Asubuhi za baridi na ukungu kama za Mufindi, darubini isiyozibwa vizuri inafanya ukungu kwa ndani, na baadaye kuvu inaota kwenye kioo. Prostaff ni nyepesi pia, kama gramu 565, kwa hiyo haikuchoshi shingo.

*Vortex Diamondback HD* na *Nikon Monarch M5* ziko juu kidogo. Vioo vyake ni bora, kingo za picha zinaonekana safi zaidi. Vortex inatoa dhamana ya maisha, lakini kabla hujailipia muulize muuzaji ni nani atakayepokea kifaa kikiharibika hapa nchini.

*Nikon Aculon A211 10x50* inavutia kwa sababu bei ni ndogo na kioo ni kikubwa. Shida yake kwetu ni mbili: ina uzito wa kama gramu 900, na haijazibwa dhidi ya maji. Kwa mtu wa kukaa barazani inatosha, kwa mtu wa kupita kwenye majaruba sikushauri.

Zile zilizoandikwa 30x60 au zaidi, zenye vioo vyekundu vinavyong'aa, achana nazo. Namba hizo mara nyingi si za kweli. Hata zingekuwa za kweli, 60 kwa 30 ni milimita 2 tu za mwanga.

Ipime kabla ya kulipa

1. Nenda dukani jioni, si saa sita mchana. Tazama kona yenye kivuli nje, usitazame taa za dukani.
2. Ishike mbali na uso kama sentimita 30 na uielekeze kwenye mwanga. Utaona viduara viwili vyeupe. Vikiwa duara kamili ni dalili nzuri, vikiwa na kingo za mraba ni dalili ya kioo cha ndani cha bei rahisi.
3. Fumba jicho la kulia, rekebisha gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Kisha fumba la kushoto, urekebishe pete ya jicho la kulia. Wengi wanailaumu darubini nzima kumbe hawajafanya hili.
4. Unavaa miwani? Tafuta yenye nafasi ya jicho ya milimita 15 au zaidi.
5. Ukiona picha mbili, au kichwa kinauma baada ya dakika mbili, irudishe.

Ukishaiona hatari, ufanye nini?

Ukiona tembo, hesabu wako wangapi na wanaelekea wapi, angalia kama kuna ndama, kisha piga simu kwa askari wa wanyamapori wa kijiji au afisa wanyamapori wa halmashauri. Usisogee ili uone vizuri zaidi. Darubini imenunuliwa ili ubaki mbali.

Kwa kweleakwelea, fuatilia jioni hadi ujue wanalala wapi, chukua alama ya eneo kwa simu, umpe afisa ugani wako siku hiyo hiyo ili Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) ijulishwe. Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo milioni moja ni tani 10 kila siku. Kuamia ndege kwa makopo kunawahamishia shamba la jirani tu. Wanadhibitiwa vizuri wakiwa malaloni, na malalo lazima kwanza yajulikane yalipo.

Utunzaji: vumbi la Usangu linakwaruza kioo, kwa hiyo lipulize au litoe kwa brashi laini kabla ya kufuta kwa kitambaa safi. Usifute kwa fulana. Na kamwe usitazame jua kwa darubini.

Kama bei inakulemea, changeni watu wanne au watano wenye mashamba yanayopakana, mnunue moja nzuri ya 8x42 ikae kwa aliye zamu ya kulinda. Hiyo itawasaidia kuliko kila mtu kuwa na yake ya mfukoni isiyoona kitu saa kumi na mbili na nusu jioni.