Kiyoyozi chumbani: mume ahisi joto, mke ahisi baridi

Na DAKTARI WETU

FEBRUARI ni mwezi mgumu mjini Mombasa. Jua huwaka tangu asubuhi, hewa hujaa unyevu wa bahari, na usiku ukiingia kuta za nyumba huwa bado zinatoa joto la mchana.

Alasiri moja ya mwezi huo, mzee wa miaka 71 aliletwa katika kliniki yangu akiwa ameshikiliwa na mkewe upande mmoja na mjukuu wake upande wa pili. Hakuweza kusimama sawasawa. Kichwa kilimuuma, ulimi ulikuwa umekauka, na alijibu maswali polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini.

“Ni malaria hii, daktari,” mkewe aliniambia. “Tangu jana hataki chakula.”

Tulimpima damu. Hakuwa na malaria. Joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 38, na presha yake ilikuwa imeshuka sana. Nilipomuuliza alikunywa nini siku hiyo, alisema ni vikombe viwili vya chai tu, kwa kuwa hakuhisi kiu. Isitoshe, mzee huyu humeza tembe za presha za aina inayoongeza mkojo. Kwa hivyo maji yalikuwa yakimtoka kwa jasho na kwa mkojo, na yanayoingia yalikuwa machache mno.

Tulimtundikia maji. Kufikia magharibi alikuwa akiuliza ataenda nyumbani saa ngapi. Ndipo nilipomuuliza kuhusu chumba anacholala, na siri ikatoka.

Chumba kiko orofa ya juu, chini ya mabati. Madirisha hufungwa kwa kuogopa wezi. Ukutani kuna kiyoyozi kizuri alicholetewa na mwanawe anayefanya kazi Muscat, lakini hakijawahi kuwashwa zaidi ya mara mbili.

“Bi. mkubwa amekifunika leso kama chungu cha wali,” mzee alilalamika.

“Baridi yake huniingia magotini, daktari,” mkewe alijibu. “Nikilala mbele yake nitapata kichomi. Yeye anataka kulala Ulaya, mimi nataka kulala Mombasa.”

Ugomvi kama huu nimeusikia katika nyumba nyingi. Aghalabu kila mmoja humwona mwenzake ni mkaidi. Ukweli ni kwamba wote wawili huwa wanasema wanayoyahisi, kwani miili haihisi joto kwa namna moja.

Kwa nini tunatofautiana

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37. Joto likizidi, damu hukimbilia kwenye ngozi na jasho hutoka. Si jasho lenyewe linalopoza mwili, bali ni kule kukauka kwake. Pwani, ambako hewa tayari imejaa unyevu, jasho hukauka kwa shida. Ndiyo sababu nyuzi 32 za Mombasa huchosha kuliko nyuzi hizo hizo mahali pakavu.

Mtu mnene huhisi joto upesi kuliko mwembamba. Mwanamke aliye katika umri wa kukoma hedhi huweza kufurikwa na joto ghafla usiku wa manane. Mwenye upungufu wa damu huhisi baridi. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mgonjwa hutokwa na jasho wakati wenzake wametulia. Ikilegea, hutafuta sweta. Kwa hivyo ukiona hisia zako za joto au baridi zimebadilika ghafla bila sababu, mwone daktari kabla ya kulaumu kiyoyozi.

Mazoea nayo yana sehemu yake. Mtu anayetoka Limuru kuja Mombasa huhitaji wiki moja hadi mbili mwili wake uzoee joto.

Hatari kubwa iko kwa wazee. Uzee hupunguza jasho na hupunguza kiu. Mzee anaweza kukuambia haoni joto ilhali mwili wake unaishiwa na maji. Mjini Chicago, Marekani, zaidi ya watu 700 walikufa kutokana na wimbi la joto la Julai 1995. Wengi walikuwa wazee, na wengi waliishi peke yao katika vyumba visivyo na kiyoyozi.

Je, kiyoyozi huleta ugonjwa?

Kichomi, yaani homa ya mapafu, huletwa na viini kama bakteria na virusi. Hakiletwi na baridi ya chumbani. Baridi yabisi pia haianzishwi na kiyoyozi. Hata hivyo, yule mama hakuwa akisema uongo: magoti yanayouma tayari huweza kukakamaa zaidi yakipigwa na hewa baridi usiku kucha.

Hewa ya kiyoyozi pia hukausha koo, macho na ngozi. Mwenye pumu anaweza kubanwa akitoka kwenye joto na kuingia ghafla kwenye baridi kali, hasa ikiwa chujio la mashine limejaa vumbi na ukungu. Lisafishwe angalau mara moja kwa mwezi.

Wengine wamesikia habari za ugonjwa wa mapafu uliowaua wanajeshi wa zamani waliokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia mwaka 1976. Bakteria waliogunduliwa baadaye huishi katika maji, na huweza kuenea kupitia minara ya kupozea maji ya majengo makubwa. Mashine ndogo ya chumbani haitumii minara hiyo.

Feni au kiyoyozi?

Si kila mtu anayeweza kununua kiyoyozi, wala si kila anayenunua anayeweza kulipa bili yake. Kiyoyozi cha chumba kimoja huweza kula kwa saa moja umeme ambao feni ingekula kwa saa kumi au zaidi.

Habari njema ni kwamba feni hufaa sana Pwani. Mradi hewa haijapita nyuzi 40, feni husaidia jasho kukauka. Ikizidi hapo, hukupulizia joto tu. Jimwagie maji au jipake kitambaa chenye maji kisha ukae mbele ya feni, utaona tofauti.

Wenye kiyoyozi hawana haja ya kukishusha hadi nyuzi 18. Shirika la Afya Duniani hushauri kiwekwe nyuzi 27 na feni iwashwe pamoja nacho. Hewa isielekezwe moja kwa moja kwa aliyelala.

Wazee wetu wa Mji wa Kale walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na dari za juu, na nyumba zao hupoa bila umeme. Sisi tulioezeka mabati tunaweza angalau kuweka dari, kufunga mapazia upande wa jua mchana, na kufungua madirisha yenye nondo na wavu usiku.

Mtoto mchanga asifungwe mablanketi wakati wa joto. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, kwani maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Dalili za hatari

Mtu akitokwa na jasho jingi, akiumwa na kichwa, akihisi kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mwondoe juani, mlegeze nguo na umpe maji kidogo kidogo. Unaweza kumtengenezea ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Lakini akianza kuchanganyikiwa, kupata kifafa au kuzirai, na mwili ukiwaka moto, hilo ni jambo la kufa na kupona. Mmwagie maji, mpepee, muwekee barafu shingoni, makwapani na kwenye kinena, huku mkitafuta gari la hospitali. Usimnyweshe chochote ikiwa hana fahamu. Panadol haiwezi kushusha joto la aina hii.

Wanaotumia dawa za presha, moyo au akili wasiziache kwa hiari yao. Wamwone daktari msimu wa joto unapokaribia ili kipimo kiangaliwe.

Nilibadilisha dawa za yule mzee na kumwagiza awe na chupa ya maji kando yake kutwa. Kuhusu kiyoyozi, tulikubaliana hivi: nyuzi 27, feni pembeni, hewa ielekezwe upande wa mzee, na mama alale upande wa mlango na leso nzito magotini.

Walirudi baada ya wiki mbili. Presha ilikuwa nzuri.

“Analala kama mtoto,” mama alisema. “Ila sasa nasikia kukoroma kwake vizuri zaidi.”