Kupunguza Gharama ya Moto Nyumbani Wakati wa Kipupwe

Mwezi wa Juni uingiapo, watu wa pwani hufurahi kwa kuwa joto limepungua na upepo wa kusi wavuma. Bali kwa watu wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, na wale wa Lushoto katika milima ya Usambara, na wenzao wa Limuru na Kinangop katika nchi ya Kenya, miezi ya Juni, Julai na Agosti si miezi ya furaha. Sababu yake ni kimo cha nchi. Kila mtu apandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya digrii 6 za sentigredi. Mji wa Njombe wakaribia mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo wapita mita 2,500. Huko Kitulo zipo asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi.

Basi katika nchi hizo moto si wa kupikia tu, bali ni wa kuota pia, na hapo ndipo gharama ilipo. Chakula kikiisha kuiva moto waweza kuzimwa, lakini baridi haiivi. Hukaa hata jua lichomoze. Kwa hiyo kila mwenye nyumba hutafuta njia ya kupunguza mkaa na kuni, na hilo ni jambo la busara. Lakini ipo njia moja inayopendwa na wengi, nayo ni kuingiza jiko la mkaa chumbani, kufunga mlango na dirisha, na kuziba nyufa kwa matambara ili mkaa kidogo utoshe usiku kucha. Njia hiyo huokoa senti na kuua watu. Makala haya yataeleza kwanza kwa nini huua, kisha yataonyesha njia nyingine za kupunguza gharama zisizo na hatari hiyo.

HESABU YA MKAA

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ina siku 92. Nyumba ichomayo makopo 2 ya mkaa kila jioni kwa ajili ya kuota tu, itakuwa imechoma makopo 184 kabla kipupwe hakijaisha. Ichomayo kopo 1 itachoma 92. Mwalimu aweza kuwapa watoto hesabu hii darasani. Kila mmoja azidishe kwa bei ya kopo katika kijiji chake, kisha apeleke jibu nyumbani. Mzazi akiona jumla yake ataweza kupima mwenyewe kama fedha hiyo ingalimfaa zaidi kwa kununua blanketi, ambalo hutumika miaka mingi.

SUMU ISIYOONEKANA

Mkaa uwakapo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Kwa hiyo mtu akiona makaa yamekuwa mekundu na moshi umekwisha, hudhani ya kuwa jiko sasa ni salama kuingizwa ndani. Kumbe moshi uondokao ni ule uonekanao tu. Sumu yabaki, nayo huendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizimike.

Jinsi inavyoua ni hivi. Damu yetu ina chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kupokea oksijeni mapafuni na kuipeleka mwili mzima, mfano wa wapagazi wachukuao mizigo. Kaboni monoksaidi hushikamana na chembe hizo kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Wapagazi wakiisha kubeba sumu, hawana nafasi tena ya kubeba oksijeni. Mtu aweza kuvuta pumzi kama kawaida na huku ubongo na moyo wake vikifa kwa kukosa hewa. Aliyelala hasikii lolote, wala haamki.

Dalili kwa aliye macho ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Dalili hizo hufanana na za malaria, na watu hudanganyika kwa ajili hiyo. Lakini watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, kisha wakapata nafuu watokapo nje, hiyo si malaria. Ni hewa ya nyumba. Hapo moto utolewe mara moja na milango ifunguliwe yote. Aliyezimia achukuliwe nje penye hewa safi, na apelekwe hospitali bila kukawia. Kumnywesha maziwa hakumsaidii, na kumnywesha kitu chochote mtu asiye na fahamu ni kumpalia. Kwa hewa ya kawaida, sumu iliyo katika damu hupungua kwa nusu baada ya saa 4 au 5 hivi. Kwa oksijeni safi ya hospitali hupungua upesi zaidi, kwa saa moja au moja na nusu.

Watu hutumaini kinga kadha wa kadha ambazo si kinga. Wengine huweka bakuli la maji kando ya jiko, lakini maji hayaivuti hewa hii. Wengine hufunika makaa kwa majivu. Hivyo ni vibaya zaidi, kwa kuwa makaa yaungayo polepole pasipo hewa ya kutosha ndiyo yatoayo sumu nyingi. Wengine huacha wazi mlango wa kutoka chumbani kwenda sebuleni, na huku nyumba yote imefungwa. Hivyo ni kuieneza sumu tu, si kuitoa. Karibu kila mwaka magazeti ya Tanzania na Kenya huandika habari za jamaa waliolala na jiko wakakutwa asubuhi wamekufa, mara nyingi mama na watoto pamoja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni kweli kwa baridi, maana ufa ndio uingizao upepo. Lakini mahali penye moto ufa ndio uingizao uhai. Basi kanuni ni moja, na kila mtu na aishike: nyumba yenye moto iwe wazi, na nyumba iliyofungwa isiwe na moto. Mambo haya mawili yasichanganywe kamwe.

JOTO HUPOTEA WAPI

Mtu atakaye kutumia moto kidogo na asiulize kwanza jinsi ya kuongeza joto, bali aulize joto alilo nalo linakwenda wapi. Ndoo ikivuja, mwenye akili huziba tundu kabla ya kurudi kisimani.

Nyumba za wazee wetu zilikuwa na kuta nene za udongo na paa la nyasi. Nyasi zina hewa nyingi iliyotulia kati yake, na hewa iliyotulia huzuia joto lisipite. Nyumba nyingi za siku hizi zimeezekwa kwa bati. Bati ni zuri kwa mvua, na haliozi upesi kama nyasi, lakini halizuii joto hata kidogo. Usiku wa kipupwe usio na mawingu, bati hupoa kuliko hata hewa ya nje, na pumzi za waliolala huganda chini yake zikawa matone yadondokayo alfajiri. Kwa hiyo tundu kubwa la nyumba ya bati ni paa lake, na dawa yake ni dari. Dari si lazima iwe ya mbao za kununua. Mikeka, mianzi iliyosukwa, au magunia safi yaliyoshonwa pamoja yatafaa, maadam yamefungwa vizuri na kuacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Lakini vitu hivi hushika moto upesi. Kwa hiyo viwekwe katika vyumba vya kulala, ambamo moto hauwashwi, wala si jikoni.

Kisha jua. Katika Nyanda za Juu Kusini siku nyingi za kipupwe zina jua kali mchana. Kuta za matofali na udongo huweza kulipokea joto hilo na kulirudisha usiku. Basi madirisha ya upande wa jua yafunguliwe asubuhi jua likiisha kupanda, na yafungwe saa 10 jioni, kabla ubaridi haujashuka. Blanketi na magodoro yaanikwe mchana, kwa kuwa nguo yenye unyevu hainyimi baridi nafasi. Kazi hizo hazina gharama.

Tatu ni kitanda chenyewe. Watu hujifunika sana juu na kusahau chini, hali baridi ya sakafu hupenya godoro jembamba. Mkeka mnene, au gunia lililojazwa majani makavu, likiwekwa chini ya godoro hufaa kama blanketi la pili. Tena, blanketi mbili nyembamba hushinda moja nene, kwa ajili ya hewa ishikwayo kati yake. Chupa ya maji ya moto iliyozibwa imara na kuviringishwa kwa kitambaa ikiwekwa miguuni yafaa, nayo haitoi sumu. Vikongwe na watoto wachanga wapewe nafasi ya kwanza, maana miili yao hupoteza joto upesi. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, hupata joto lililo bora kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi.

Na wasomaji wasidharau joto la mwili. Mtu mzima alalapo hutoa joto la kadiri ya wati 75. Watu wanne katika chumba kimoja, kwa saa 8 za usingizi, hutoa joto sawa na la gramu 300 za mkaa. Joto hilo halinunuliwi. Nyumba yenye dari na mlango usiopitisha upepo hulihifadhi. Nyumba isiyo na dari hulitupa juu ya bati.

KUNI NA MKAA

Hata hivyo, moto hautaachwa kabisa, kwa hiyo yafaa kila ukuni ufanye kazi yake yote. Kuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mtu awashaye kilo 10 za kuni mbichi ni kama awekaye juu ya moto sufuria ya lita 5 za maji asiyoyahitaji, ayachemshe yote hata yakauke, ndipo aanze kupata joto. Kuni za Juni zapasa kupasuliwa katika kiangazi cha mwaka uliotangulia, mwezi wa Agosti au Septemba, na kupangwa penye upepo chini ya kipaa, zisinyeshewe na masika. Kuni kavu hutoa joto zaidi na moshi haba. Moshi nao si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Kwa mkaa, jiko lililovikwa udongo wa kuchomwa kwa ndani, kama lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hutumia mkaa haba kuliko jiko la bati tupu. Makaa yasalioyo yasiachwe kuteketea bure. Yatiwe nje katika kopo lenye mfiniko imara, yakose hewa na kuzimika, nayo yatawashwa tena kesho. Kopo hilo lilale nje, lisiingizwe ndani mpaka limepoa kabisa.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo mwaka 2034. Mtu wa Dar es Salaam aachapo mkaa na kushika gesi hakosi kitu. Lakini mtu wa Makete aachapo mafiga, chakula chake chaiva vema na huku nyumba yake imepoteza joto la jioni nzima. Ndipo hurudia mkaa kwa ajili ya kuota. Kwa hiyo nchi za baridi zahitaji dari na blanketi pamoja na mtungi wa gesi, la sivyo jiko la mkaa litarudi kwa mlango wa nyuma.

UTARATIBU WA JIONI

Yote hayo yaweza kufupishwa katika utaratibu mmoja. Saa 10 madirisha ya vyumba vya kulala yafungwe. Watu waote moto jikoni au barazani, mlango ukiwa wazi, wakila na kuzungumza pamoja penye moto mmoja, wala si kila chumba na jiko lake. Wakati wa kulala, moto wote utolewe nje na kufunikwa. Kisha watu waingie vyumbani, ambamo moto haukuwashwa, wafunge milango, na walale juu ya mikeka minene na chini ya blanketi zilizoanikwa juani.

Wenyeviti wa vijiji wafanye vema kulisema jambo hili katika mkutano wa mwezi wa Mei, kabla baridi haijashika, maana mtu aliyekwisha kutetemeka hasikii shauri ila la jiko. Na kila mwalimu na awaulize wanafunzi wake swali moja: usiku, ninyi mnapolala, moto wa nyumbani kwenu hulala wapi? Mtoto akijibu kwamba hulala chumbani pamoja nao, mwalimu asingoje kesho. Aende kwa wazazi wake jioni ile ile.