Msalaba wa Malindi tunaupiga picha, na Golbanti je?

Ukitua Malindi, kila mtu atakuelekeza kwa msalaba wa mawe wa Vasco da Gama. Uko juu ya mnara mweupe kando ya bahari, jiwe lake lilitoka Ureno, na Makumbusho ya Kitaifa ndiyo inayoutunza. Da Gama mwenyewe alitia nanga Aprili 1498, akakaa siku chache tu, akapewa rubani wa kumvusha hadi India, huyoo akaenda zake. Zaidi ya miaka 500 baadaye bado tunampigia selfi.

Sasa panda gari la Garsen, zaidi ya kilomita 100 kwenda kaskazini. Hapo barabara inagawanyika, Hola huku, Lamu kule. Abiria wengi hununua maji, wakanyoosha miguu, safari ikaendelea. Lakini ukiufuata Mto Tana kuelekea baharini utafika Golbanti, na huko msalaba ulikuja na gharama.

Wamisionari Wamethodisti kutoka Uingereza, Thomas Wakefield akiwa mmoja wao, walianzisha kituo Ribe karibu na Mombasa mwaka 1862. Ribe haikuwa mwisho wa safari yao. Waliwalenga Waoromo, ambao enzi hizo waliitwa Wagalla (leo usithubutu kumwita Muorma hivyo, ni tusi). Iliwachukua miaka zaidi ya 20 kupata makao Golbanti. Akatumwa kasisi John Houghton pamoja na mkewe, Annie.

Mei 1886 wavamizi wa Kimaasai walishukia kituo hicho. Mtu na mkewe waliuawa kwa mikuki, wakazikwa papo hapo mtoni.

Ila hawakufa wawili tu. Waafrika waliokuwa kituoni waliuawa pia, na hapa ndipo roho yangu inauma. Soma simulizi za tukio hilo: Houghton na Annie wana majina, wale wengine wanatajwa kwa mkupuo, kama hesabu ya mizigo. Nao ndio waliokuwa kwao!

Delta nayo haisubiri mtu. Mafuriko ya Elnino mwishoni mwa 2023 yalihamisha familia kibao, na familia zikihama, hadithi za makaburi huhama nazo.

Kama una nyanya au babu Golbanti, Ngao au hapo Garsen, simu yako inarekodi sauti. Habari za Houghton ziko vitabuni tayari. Muulize kuhusu wale wengine: walikuwa wana wa nani, walilala wapi.