Uingereza, Ambako Daktari Asiyekunywa Amepewa Baa

Mgeni kutoka Kariakoo anayeingia baa ya Kiingereza kwa mara ya kwanza hukaa mezani akamsubiri mhudumu, na atasubiri sana. Huko mteja huenda kaunta mwenyewe, huagiza, hulipa papo hapo na kubeba glasi yake. Hakuna wa kumuuliza kama anataka ya baridi au ya moto. Bia ya kienyeji ya nchi hiyo hutoka kwenye mapipa yaliyo chini ya sakafu, na ubaridi wake ni mdogo kiasi kwamba mnywaji wa Dar es Salaam angeirudisha. Kipimo ni painti, mililita 568, kwa hiyo inaizidi kidogo chupa yetu ya nusu lita. Nyama choma asahau. Kuna samaki na chipsi, na Jumapili kuna nyama ya kuokwa kwa oveni.

Nchi nzima ina baa za aina hiyo zaidi ya 40,000, na karibu kila moja ina kibao chenye picha mlangoni. Desturi ni ya kale: mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru wauza pombe waweke alama nje ili wakaguzi wawatambue, na kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, picha ikawa ndiyo jina. Ndiyo sababu mojawapo ya majina yaliyoenea kuliko yote ni Red Lion, yaani Simba Mwekundu, baa ambayo mwana Yanga wa Jangwani angeipita bila kugeuza shingo.

Miongoni mwa simba, mataji na miti ya mialoni, yamo pia majina ya watu wa sayansi. Greenock, mji wa pwani huko Uskoti, una baa ya James Watt, aliyezaliwa hapo mwaka 1736 na kuiboresha injini ya mvuke. Sale, jirani na Manchester, kuna baa ya J.P. Joule. Huyu alistahili heshima hiyo kuliko wengi, maana baba yake alikuwa na kiwanda cha bia, na kijana akawa anaendesha kiwanda huku akipima joto na nishati. Jina lake liko hata kwenye pakiti za biskuti, pale panapoandikwa kilojuli.

Cambridge hadithi ni nyingine: baa haina jina la mwanasayansi, ila ilisikia habari kabla ya dunia. The Eagle iko Bene't Street, hatua chache kutoka ilipokuwa maabara ya Cavendish, na Francis Crick na James Watson walikuwa wakila hapo chakula cha mchana. Tarehe 28 Februari 1953 Crick aliingia akawatangazia waliokuwemo kwamba wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Hivyo ndivyo Watson alivyosimulia. Crick mwenyewe alisema baadaye kwamba hakumbuki kusema hivyo. Makala yao ilichapishwa Aprili mwaka huohuo, na Nobeli ikaja 1962. Kibao kilichowekwa ukutani mwaka 2003 kiliwataja wawili hao tu. Rosalind Franklin, ambaye picha ya eksirei kutoka maabara yake London iliwapa ushahidi, hakuwemo. Alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Wapita njia wakawa wanamwongeza kwa kalamu, mpaka mwaka 2023 kibao kipya kikamtaja rasmi. Wachafuzi wa ukuta wale walikuwa na haki.

Lakini baa inayomhusu zaidi mkazi wa Jangwani iko London, mtaa wa Broadwick, Soho. Inaitwa John Snow.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka mtaani hapo, ambao wakati ule uliitwa Broad Street. Watu zaidi ya 600 walikufa. Wakubwa wa afya waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari Snow alishuku maji. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakiteka wapi, na jibu likawa pampu moja ya mkono. Mjane mmoja alikufa Hampstead, mbali na hapo. Kumbe alipenda ladha ya maji yale na alikuwa akiletewa kwa mkokoteni. Kwenye kiwanda cha bia jirani na pampu, wafanyakazi zaidi ya 70 hawakufa hata mmoja, kwa kuwa walikunywa bia na maji ya kisima chao. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uling'olewa. Baadaye kasisi Henry Whitehead, ambaye alianza uchunguzi akitaka kumpinga Snow, alikuta kwamba maji ya kufulia nepi za mtoto mgonjwa yalikuwa yakimwagwa kwenye shimo la choo lililokaribiana na kisima.

Shimo la choo karibu na kisima: hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyeona bonde la Msimbazi likifurika. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam kikasambaa mikoani, na mabwana afya wakawazuia mama ntilie na wauza matunda yaliyokatwa.

Pwani yetu ilikuwa na mchunguzi wake pia. Daktari James Christie aliishi Zanzibar wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, na mwaka 1876 alichapisha kitabu kilichofuatilia ugonjwa huo katika njia za misafara na majahazi. Na Robert Koch, Mjerumani aliyemtambua bakteria wa kipindupindu miaka ya 1880 na hivyo kumthibitisha Snow aliyekwishakufa, alifanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 akichunguza malaria. Kariakoo kuna mtaa wa Livingstone, daktari na msafiri. Christie hajulikani hata kwa wauza vitabu.

Snow hakuwa mnywaji. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alihubiri kuacha pombe, na leo anawaangalia walevi kutoka kwenye kibao. Chama chenye jina lake huwataka wanachama wapite baa hiyo wakifika London, na nje kuna mfano wa pampu isiyo na mpini.

Msomaji atakayekuwa London ashuke stesheni ya Oxford Circus. Ni mwendo mfupi kwa miguu. Asiyekunywa aagize soda bila kuona haya, kwani nayo ina asili ya kiwanda cha bia: mwaka 1767, huko Leeds, Joseph Priestley alitengeneza maji ya gesi kwa kutumia hewa iliyotanda juu ya mapipa ya jirani yake mpika bia.